Siku Tuliyoficha Kikohozi cha Bishar

Nitaanza kwa kuwataja waliokuwapo, maana shule niliiacha mapema lakini majina ya watu hayajanitoka. Ndani ya nyumba alikuwa mama yangu, Shamsa, ambaye sisi tulimwita hooyo. Alikuwa Deqa, dada yangu mkubwa, aliyekuwa anaposwa siku ile. Alikuwa Halima, jirani tuliyepakana naye ukuta, amekuja kusaidia chai. Alikuwa mgeni wetu kutoka Modogashe, Eeddo Dahabo, shangazi wa kijana mwenye kuposa. Mama wa kijana yule alikufa mapema, Dahabo ndiye aliyemlea, kwa hiyo upande wao neno lilikuwa lake. Nilikuwepo mimi Habiba, mtoto wa miaka kama tisa hivi. Na alikuwepo Bishar, ndugu yetu wa mwisho, miaka miwili, ambaye hakutakiwa aonekane.

Nje, chini ya turubai, walikaa wanaume. Noor, yule kijana, na mzee mmoja wa kwao aliyeitwa Aden. Upande wetu alikuwepo Adeer Hassan, kaka mkubwa wa baba yangu. Baba mwenyewe alikuwa na ngamia huko Hulugho, na alipokuwa hayupo mambo ya nyumba yetu yalikatwa na Adeer Hassan.

Wote hao nimewakumbuka wiki hii kwa sababu ya harufu. Mke wa mwanangu aliwasha unsi, ule ubani wetu wa sukari, kwenye chumba alimolala mjukuu wangu, mtoto ana mafua. Niliinuka upesi kuliko magoti yangu yanavyotaka, nikakitoa kile chetezo mpaka nje nikakimwagia mchanga. Akaniita bibi kama watoto wake, akauliza, "Ayeeyo, kuna nini?" Nikamwambia moshi haufai kwa kifua cha mtoto. Ni kweli, na yeye ameshika. Lakini si hilo tu lililoniinua, na nilirudi kukaa uso ukiniwaka kama niliyezabwa kofi.

Nyinyi mliokua Garissa miaka ile ya themanini mnajua nyumba bila unsi ilivyokuwa. Mgeni akiingia asinuse kitu, anaondoka akisema wale watu wamefilisika au hawajui kuishi. Na sisi hatukuwa watu wa kuchoma unsi tu, sisi ndio tuliouza. Hooyo aliyeyusha sukari kwenye sufuria, akatia vipande vya udi, akatia manukato, akakoroga mpaka mkono ukafa ganzi, halafu ikikauka anaivunja vipande vyeusi na kuviuza sokoni kwenye vibati vya maziwa ya unga. Maharusi wa bulla, mtaa wetu, wote walifukiza nguo zao kwa unsi wa Shamsa. Mimi nilidhani moshi ule ni dawa ya kila kitu. Nilikuwa nimeona unafukuza mbu, unafukuza harufu ya mbuzi, na Halima aliniambia unafukuza hata majini. Kwa nini usifukuze kikohozi?

Kikohozi cha Bishar kilianza na upepo wa hagaa, ule wa vumbi usiokupa nafasi ya kufumbua macho. Kilianza kama cha mtoto yeyote, pua inatiririka, halafu kikashuka kifuani kikawa kizito. Hooyo alifunga dirisha ili upepo usiingie. Akamfunika blanketi. Akawasha chetezo kando ya kitanda chake. Bishar akikohoa, hooyo anaongeza kipande. Akikohoa zaidi, anaongeza kingine. Chumba kikawa cheupe, mpaka Deqa akiingia tunamjua kwa sauti.

Kulikuwa na neno ambalo halikutajwa kwetu. Babu yetu, baba yake baba, alikufa akikohoa damu, na tangu hapo watu wa nyumba walisema "ugonjwa ule," basi. Kifua kikuu siku zile kilikuwa kama alama kwenye paji la uso. Nyumba yenye mtu wa kukohoa haiposwi, na ikiwa imeposwa, mahari yanarudi njiani. Bishar akaanza kukohoa, na habari imeshafika kwamba watu wa Modogashe wanakuja kwa lori Alhamisi. Hooyo alituketisha mimi na Deqa akasema, "Mtoto wa nyumba hii hakohoi. Akiulizwa, amelala. Mmesikia?"

Mimi kwa akili yangu sikuelewa kwamba anaogopa ugonjwa. Nilielewa kwamba kukohoa ni utovu wa adabu, kama kujikojolea mbele ya watu. Nikawa namfundisha Bishar. Namshika mashavu, namwambia, "Walaal, ndugu yangu, wageni wakija, ukitaka kukohoa meza." Yeye ananiangalia na macho yake mekundu, anameza, halafu anakohoa usoni kwangu. Nikamfinya kidogo. Nikamwambia, "Huna haya wewe."

Basi Alhamisi ikafika. Wageni walikuja baada ya sala ya alasiri. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili, na kile cha nyuma hakikuwa na mlango mwingine ila kupitia cha mbele, kimetengwa na pazia. Nilikaa nyuma ya pazia na Bishar mapajani. Hooyo aliniachia kipande cha sukari guru cha kumtia mdomoni, na chetezo kimejaa makaa, na maneno haya: "Akianza, mkandamize begani kwako. Usitoke." Mbele kulikuwa na chetezo kingine cha wageni. Moshi wa huku na wa kule ukakutana katikati, kwenye lile pazia.

Nilisikia salamu ndefu. Nilisikia Eeddo Dahabo ana sauti nene kama ya mwanamume, na anacheka kabla ya kumaliza anachosema. "Huyu ndiye Deqa? Mashallah. Noor alisema ni mrefu. Mimi nikamwambia, wewe mfupi hivyo, kila mtu kwako ni mrefu." Wakacheka. Nikasikia vikombe vya Halima. Nilifurahi, nikaona mambo yanaenda.

Bishar akaanza. Nikamkandamiza. Akajivuta, nikamkandamiza tena. Kifua chake kilipiga dhidi ya changu kama kuku aliyeshikwa. Sukari guru ikatoka, ikafuata maziwa ya mchana, yote kwenye gauni langu la sikukuu, na alipotaka kuvuta hewa kukatoka sauti ambayo sijaisahau, ya mtu anayevuta kitu kizito kupitia tundu dogo. Nilimtazama mdomo. Rangi yake haikuwa ya mdomo. Moshi ulikuwa mzito mpaka machozi yananitoka na mimi, na pale nilipo hakuna pa kwenda ila mbele.

Nikatoka.

Nawaona mpaka leo. Hooyo ameshika sahani ya tende. Deqa ameinamisha kichwa na hina mpya mikononi. Halima yuko na birika hewani. Mimi nimesimama na gauni limeloa matapishi, na Bishar anakohoa kwa nguvu zote alizokuwa amebaniwa, kikohozi juu ya kikohozi, mbele ya mgeni ambaye nyumba nzima iliamriwa asikisikie.

"Habiba!" Hooyo alisema kwa meno. "Nani amekuambia utoke?"

"Kifua cha huyo mtoto ndicho kimemwambia," akasema Eeddo Dahabo. Alikuwa ameshainuka. "Nipe. Nipe huku. Subhanallah, mtoto mmemfukiza kama nguo ya arusi! Nimekuja kuposa au nimekuja kuonja nyama ya kukausha?"

Alimtwaa, akatoka naye mlango wa uani, sisi tukamfuata kama kondoo. Jiko la chai lilikuwa linawaka pale uani, akalisukuma kwa mguu lifike mbali. "Na wewe pia nenda zako," akaliambia. Akakaa kwenye jiwe la kufulia upande usio na upepo, akamkalisha Bishar wima, mgongo kwenye kifua chake, akampandisha shati mpaka shingoni.

"Nyamazeni. Msinisemeshe. Naangalia mbavu."

Wanaume upande wa pili wa nyumba walikuwa wanazungumza bei za mbuzi, hawajui lolote. Bishar alikohoa, akalia, akapumzika. Rangi ikarudi mdomoni taratibu. Eeddo Dahabo alingoja mpaka kilio kimetulia ndipo akatazama tena. "Mbavu hazizami. Hapumui mbio. Shamsa, jana alikula?"

"Alikula. Uji."

"Anakunywa?"

"Anakunywa."

"Basi ni mafua, na moshi wenu. Halima, niletee maji ya uvuguvugu. Si ya moto, ya uvuguvugu. Jaribu kwenye mkono wako kwanza, si kwenye ulimi wa mtoto. Asali mnayo?"

"Ipo ya wageni," Halima akasema kabla hajafikiri.

"Na mimi mgeni ndio nimeiomba."

Hata Deqa alicheka, ameziba mdomo na hina yake. Dahabo alitia asali kidogo kwenye maji, akakamua na tone la ndimu, akamnywesha kwa kijiko, polepole, anamwacha apumue kati ya kijiko na kijiko. Akaomba maji mengine yaliyochemshwa yakapoa, akatia chumvi, akaonja. "Yasizidi machozi kwa chumvi," alisema. Akamdondoshea tone puani huku na huku, akampangusa na ncha ya guntino yake mwenyewe, nguo ya safari, nguo nzuri. "Mtoto pua ikiziba hawezi kunywa, na asipokunywa kile kilicho kifuani hakilainiki. Haya mnayaona?"

Halima akasema, "Mama yangu angemtia samli puani."

"Samli tia kwenye anjera. Puani inateremka mpaka kwenye pafu, inakaa huko."

"Au angemchoma kifuani, vidoti vitatu."

"Mchomeni, awe na kikohozi na vidonda. Atawasahau?" Akamgeukia hooyo. "Na dawa za chupa za watu wazima, waachie watu wazima. Asali hii nayo, ukiwa na kichanga ambaye hajatimiza mwaka, usimpe hata kidogo. Lakini huyu mkubwa. Huyu mzee. Si ndiyo, mzee?" Bishar alikuwa amekiegemeza kichwa, analamba kijiko.

Hooyo alikuwa amesimama muda wote ameshika mlango. Akasema, chinichini, "Abaayo, dada yangu, wallahi si ugonjwa ule. Naapa. Msidhani ni ugonjwa ule."

Nilingoja uso wa Dahabo ubadilike. Haukubadilika. Akasema, kwa sauti ile ile aliyoombea maji, "Najua si huo. Ule mimi naujua vizuri kwa kuwa nimeugua."

Akamfuta Bishar kidevu, akaendelea.

"Nililala kwenye manyatta ya wagonjwa, sisi watu wa ngamia tulijengewa zetu pale hospitalini tumeze dawa mpaka ziishe. Zikaisha. Nimepona, ndiyo huyu mnaniona nimekula tende zenu zote. Ule unakuja taratibu, mtu anakonda, jasho usiku, wiki kwa wiki hauondoki. Ukiuona huo kwa mtoto, mpeleke apimwe, usimfiche nyuma ya pazia. Na akipumua mbio, au mbavu zikizama, au akakataa kunywa, midomo ikawa kama nilivyoiona sasa hivi na isirudi, usitafute asali wala usinitafute mimi. Mbebe hospitali saa hiyo hiyo. Haya yote walinifokea manesi wa kule mpaka nikayashika." Akainama kwa Bishar. "Kukohoa si aibu, mzee wangu. Kukohoa ni kifua kinafagia nyumba yake."

Hapo nikaelewa kwamba nimemfinya ndugu yangu bure. Niliona haya mpaka masikio yakauma. Lakini hiyo haya ya mtoto inapita. Haya ninayowaandikia leo ni nyingine.

Wageni waliondoka kwa maneno mazuri. Hooyo alifungua dirisha, akakiweka chetezo uani, na tangu siku ile unsi aliupikia mbali na Bishar. Alimnywesha kama alivyoonyeshwa, akamlaza kichwa kimeinuka kidogo, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumtazama mbavu, kazi niliyoifanya kwa kiburi kikubwa. Kikohozi kikapungua, kikawa cha asubuhi tu, kikaisha.

Posa nayo ikaisha. Hakuna aliyenieleza. Tulikuwa tumengoja neno la kupanga nikaha, siku zikapita, hina ya Deqa ikafifia ikawa rangi ya chai, ikatoka. Siku moja nilimkuta anakunja nguo alizokuwa amefukiza, anazirudisha kwenye sanduku. Nikamuuliza, "Abaayo, Noor haji?" Akasema, "Haji." Nikauliza kwa nini. Akasema, "Nenda kamtazame mtoto."

Nilijua kwa nini. Ningekosaje kujua? Niliambiwa usitoke, nikatoka. Nilimwaga aibu yetu mbele ya mgeni, yule mgeni akafanya wema wake, akapanda lori, na kufika Modogashe akasema nyumba ile ina mtoto wa kukohoa. Hivyo ndivyo nilivyoisoma. Nilikula kidogo. Nilimkwepa Deqa, akiingia mimi natoka. Alipoolewa baadaye na mtu wa Lafey, mbali, na kupandishwa gari na sanduku lile, nilijificha nyuma ya mapipa ya maji nisimuage, maana niliona ni mimi niliyemtuma huko.

Kabla ya hapo, Deqa bado yuko nyumbani, tulikutana na Eeddo Dahabo mara moja. Ilikuwa siku ya soko la mifugo, vumbi, ng'ombe wanalia, mimi na hooyo tumebeba vibati vyetu. Hooyo alimwona kwanza. Alivuta shungi mpaka usoni akanishika mkono tugeuke. Nilijua anaona haya kwa sababu yangu. Lakini sauti ile nene ilitufikia. "Shamsa! Shamsa wa unsi! Yule mzee wangu, kifua chake kikoje?"

Hooyo akakaza shungi lake. Nikajibu mimi. "Mzima, eeddo. Anakimbia, hashikiki."

"Alhamdulillahi. Mwambie namsalimu." Akatuangalia wote wawili kidogo, akaweka mkono wake begani kwa hooyo, akauondoa, akaenda zake kwa watu wake. Hooyo alisimama pale pale mpaka mbuzi wa watu wakatuzunguka. Akasema, "Hata hakuniuliza." Nikasema, "Akuulize nini, hooyo?" Akasema, "Twende."

Nilipokuwa mchumba mimi mwenyewe, Deqa alikuja kutoka Lafey kunipamba. Alikuwa ananichora hina, na mikono ikiwa imeshikwa mtu huwezi kukimbia, nikamwambia: abaayo, nisamehe kwa ile siku niliyotoka na Bishar. Akaacha kuchora. "Nikusamehe nini?" Nikamweleza. Akanitazama kama aliyeona kichaa.

"Wale walisema ndiyo, Habiba. Walituma salamu mara mbili. Sisi ndio tuliokataa."

Ilikuwa hivi. Jioni ile ile, wageni wameondoka, hooyo alimsimulia Adeer Hassan yote kwa furaha. Alimsifu Dahabo. Alisema, mwanamke yule amefunua siri yake mwenyewe ili mimi nisione haya. Alidhani anawapandisha hadhi. Adeer Hassan alisikiliza mpaka mwisho, akafuta ndevu, akasema, "Hatuwezi kuchanganya damu na watu wa kifua." Adeer Hassan, ambaye baba yake alikufa kwa kifua hicho hicho, ambaye yeye ndiye aliyetufundisha kusema "ugonjwa ule." Ikatumwa habari Modogashe kwamba msichana ameshaahidiwa binamu. Binamu hakuwepo. Na hooyo, aliyekuwa amesimama mlangoni akaona kwa macho yake nani aliyemrudishia mwanawe pumzi, hakusema neno. Deqa naye hakusema, maana alikuwa anangoja hooyo aseme.

Nimeshawazika wote wawili, Hassan na hooyo. Siwasemi vibaya; nasema nilivyoambiwa. Nilidhani nikijua kwamba kosa si langu nitapumua. Badala yake, kila mtoto akikohoa kwangu, natoa moshi, natia chumvi maji, natazama mbavu, nafanya kila kitu kama alivyotufundisha mwanamke tuliyemkataa kwa kutufundisha. Wajukuu wananisifu. Sijui nifiche wapi uso.

Haya, nimemaliza. Nimewataja kwa majina niliyoyashika, na nyinyi mliokuwa watoto wakati ule huenda mmeshika mengine. Kama yule mzee hakuwa Aden, niambieni. Kama haikuwa Alhamisi, niambieni. Na kama yupo mtu wa Modogashe anayejua kwamba ni wao waliokataa, kwamba Dahabo alifika nyumbani akasema nyumba ile hapana, aje aniambie nimekosea. Katika yote niliyoandika, hilo ndilo ningependa sana nisahihishwe.